Siri ya Mgonjwa Huishi Kuliko Kufuli Lake

Basi la asubuhi litokalo Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo na Muhutwe, likiwa na abiria wa kila namna: wanaokwenda mnadani, wanaokwenda mahakamani, wanaokwenda msibani. Wamo pia wachache ambao hawasemi waendako. Wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo, zile ambazo kila mtu huziita CTC, wanawafahamu. Ni watu wanaoishi mwendo wa dakika chache kutoka hospitali, lakini walioamua kuchukua dawa zao za kufubaza makali ya VVU katika wilaya ya pili ili wasikutane na jirani kwenye benchi la kusubiria. Wengine husafiri kinyume chake, kutoka Muleba kuja Bukoba mjini, kwa sababu hiyo hiyo.

Safari hiyo ina gharama. Nauli hulipwa, siku ya shamba au ya darasani hupotea, na mwezi ambao fedha imepungua dawa hukosekana. Wataalamu wa afya wamekuwa wakiwashauri wagonjwa watumie kituo cha karibu, na ushauri huo ni sahihi kitabibu. Hata hivyo mgonjwa anayepanda basi hilo hafanyi ujinga. Kwa miaka mingi umbali ulikuwa ndio ulinzi wake. Jina lililoandikwa kwenye rejesta ya Muleba lilibaki Muleba, ndani ya kabati, chini ya ufunguo wa muuguzi mmoja au wawili. Aliyetaka kulisoma alilazimika kufika, kuingia chumbani na kufungua kitabu.

Ulinzi huo wa umbali unakwisha. Taarifa za wagonjwa nchini zinazidi kuhama kutoka kwenye vitabu vya MTUHA kwenda kwenye kompyuta. Kliniki za CTC zina kanzidata yake, takwimu za vituo hukusanywa katika mfumo wa DHIS2, na hospitali nyingi za umma huandikisha wagonjwa, vipimo na malipo kwa GoTHOMIS. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itazidisha safari za taarifa, kwa kuwa bima haiwezi kulipa kituo bila kujua nani ametibiwa nini. Faida zake hazina ubishi. Mvuvi aliyeanzishiwa dawa Muleba akaugua akiwa Mwanza anaweza kuendelea na dozi yake bila kuanza upya, na mama mjamzito aliyepewa rufaa usiku anaweza kufika akiwa ametanguliwa na majibu yake. Lakini kile kinachomwezesha daktari wa Mwanza kuliona jina la Muleba ndicho kinachoweza kumwezesha mtu mwingine asiyestahili kuliona.

Kagera ina sababu yake ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la kitabibu vinywani mwa watu. Uliitwa Juliana, jina la nguo zilizovukishwa mpaka kutoka Uganda kwa biashara. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walipopima damu za wakazi wa mkoa, walikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne katika mji wa Bukoba ana maambukizi. Miaka iliyofuata kiwango kilishuka sana, mjini na Muleba pia. Kilichochelewa kushuka ni unyanyapaa. Katika jamii ambamo ukoo hufahamika kwa kibanja chake na kila kibanja hujua historia ya jirani, neno moja lililovuja kliniki liliweza kuvunja uchumba, kumnyima mjane urithi, au kumfanya mtoto akae peke yake kwenye dawati.

Huduma ya taifa ya kutoa dawa za kufubaza VVU ilianza mwaka 2004. Mtoto aliyeanzishiwa dawa miaka hiyo akiwa na umri wa miaka mitano leo ni mtu mzima anayetafuta kazi, mchumba, mkopo wa benki. Akitumia dawa vizuri atazeeka. Kompyuta ya kwanza iliyohifadhi jina lake huenda imekwisha kutupwa, iliyofuata pia, na programu imebadilishwa mara kadhaa. Siri yake bado ni ile ile, na bado inaweza kumdhuru. Yeyote anayetaka kujua hatari za mtandao zitakuwaje miaka ijayo hana budi kuanza na hesabu hiyo: kufuli la kielektroniki hudumu miaka michache, ilhali siri ya mgonjwa hudumu maisha yake yote, na pengine maisha ya wanawe.

Singapore ilijifunza hilo kwa uchungu. Januari 2019 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilitangaza kwamba majina, anwani na hali za kiafya za watu 14,200 wanaoishi na VVU, wakiwamo wageni 8,800, yalikuwa yamewekwa mtandaoni. Hapakuwa na mdukuzi hodari aliyevunja ukuta. Orodha ilitoka mikononi mwa mtu aliyekuwa mwenza wa daktari mmoja, naye daktari huyo alikuwa mkuu wa kitengo cha taifa cha afya ya jamii, mwenye haki kamili ya kuifungua. Taarifa zenyewe hazikuwa mpya. Za raia ziliishia Januari 2013 na za wageni ziliishia Desemba 2011. Zilikaa miaka, kisha zikatoka. Kila aliyekuwamo alijeruhiwa kana kwamba zimeandikwa jana.

Finland nayo ilipata msiba unaofanana na huo. Kampuni ya ushauri wa kisaikolojia iitwayo Vastaamo iliibiwa kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000 mwaka 2018. Wizi huo ulikaa kimya hadi Oktoba 2020, mwizi alipojitokeza. Alianza kwa kuidai kampuni kikombozi. Alipokosa aliwageukia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akiwatumia barua pepe za kudai euro 200 la sivyo mambo waliyomweleza mshauri wao chumbani yangesomwa na dunia. Mahakama ilimhukumu kifungo mwaka 2024. Maandishi aliyoyasambaza hayakurudishika.

Mtindo huo wa kumdai mgonjwa mwenyewe unastahili kuogopwa zaidi Afrika Mashariki kuliko kwingine, maana hapa njia ya kumfikia mtu na ya kupokea fedha yake ni moja: simu ya mkononi. Kila Mtanzania amekwisha kupokea ule ujumbe usemao «ile hela itume kwenye namba hii». Ujumbe huo umekuwa kichekesho kwa sababu hautaji jina, haujui habari zako, na mara nyingi Kiswahili chake ni cha hovyo. Kiswahili kibovu kimekuwa king'ora kilichotuokoa wengi bila sisi kujua. Sasa programu za akili unde zinaandika Kiswahili fasaha, zenye heshima na salamu zote, na zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde chache za mazungumzo yake.

Tuchukue mfano wa bibi aliyeko kijijini Kamachumu ambaye mwanawe amelazwa mjini. Simu inaita. Sauti ni ya mwanawe, imechoka kama inavyotarajiwa kwa mgonjwa: «Shikamoo mama. Nipo wodini, daktari anasema dawa haipo, inunuliwe nje, tuma upesi kwa namba hii.» Mpigaji anataja hospitali, wodi na ugonjwa. Bibi atatilia shaka nini? Utapeli wa namna hiyo hauhitaji ufundi mkubwa. Unahitaji kitu kimoja tu, yaani taarifa sahihi za mgonjwa. Karatasi ya majibu iliyopigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili kuomba ushauri, ikiwa na jina na namba ya simu juu yake, inatosha kabisa.

Hapo ndipo lilipo tundu kubwa kuliko yote, nalo halina uhusiano na wadukuzi wa ng'ambo. Watumishi wa afya hutumiana picha za vipimo, majeraha na fomu za rufaa kwa nia njema, kwa kuwa daktari bingwa yuko mbali na mgonjwa hawezi kungoja. Kuwakataza bila kuwapa njia mbadala ni kujidanganya. Njia nyepesi zipo: kufunika jina kabla ya kupiga picha, kutumia namba ya jalada badala ya jina, kutuma kwa daktari mmoja badala ya kundi la watu mia, na kuifuta picha kazi ikiisha. Simu yenyewe ifungwe kwa namba ya siri, kwa sababu simu huibwa stendi kila siku, na mwizi wa simu ya muuguzi huenda ameondoka na wodi nzima.

Aina ya pili ya hatari haijali siri bali huduma. Ni programu haribifu zinazofunga mafaili yote ya hospitali kisha kudai kikombozi. Tarehe 12 Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilisambaa duniani na kuvuruga zaidi ya taasisi 80 za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza; miadi ya wagonjwa ilifutwa kwa maelfu na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Marekebisho ya kuziba tundu lililotumika yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo. Miezi miwili ilitosha kwa kompyuta kusasishwa, na nyingi hazikusasishwa.

Ireland ilipigwa Mei 2021. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtumishi mmoja alifungua kiambatisho cha barua pepe tarehe 18 Machi. Wahalifu wakakaa ndani ya mtandao kwa wiki nane wakizunguka kimya kabla ya kufunga mifumo ya nchi nzima tarehe 14 Mei. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi. Juni 2024 ikawa zamu ya Afrika Kusini. Maabara ya taifa ya nchi hiyo, NHLS, inayohudumia hospitali za umma, ilishambuliwa. Mashine ziliendelea kupima sampuli, lakini majibu hayakuweza kufika kwa madaktari kwa njia ya kawaida. Yale ya dharura yalisomwa kwa simu. Mteknolojia wa maabara yeyote wa Bukoba ataielewa picha hiyo: kipimo kipo, jibu lipo, mgonjwa yupo, na katikati pana ukuta.

Kagera, kwa namna fulani, imezoea mambo kukatika. Kwa miaka mingi mkoa umekuwa ukipata umeme wake kutoka Uganda, na mhudumu asiyejua kufanya kazi gizani hajafanya kazi huku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, intaneti ilidhoofika nchini kote bila mdukuzi yeyote kuhusika. Vituo vilivyokuwa bado vinajaza vitabu vya MTUHA viliendelea kuona wagonjwa. Wako wanaovicheka vitabu hivyo kuwa mabaki ya zamani. Kwa mtazamo wa usalama, kitabu ni nakala rudufu isiyoweza kufungwa na mhalifu aliyeko bara jingine, na kituo kinachokitupa kabla hakijawa na nakala ya kielektroniki iliyohifadhiwa nje ya mtandao kinajivua nguo kabla hakijapata nyingine. Nakala hiyo nayo ijaribiwe. Diski iliyowekwa kabatini miaka miwili bila mtu kuangalia kama inafunguka haipaswi kuhesabiwa.

Watafiti wanataja hatari ya tatu, ambayo haijazoeleka lakini inatisha wanaoielewa. Mwaka 2019 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walionyesha kwamba programu inaweza kuingia kati ya mashine ya CT na kompyuta ya daktari na kuongeza uvimbe usiokuwapo kwenye picha, au kufuta uliopo. Madaktari bingwa wa radiolojia walidanganyika. Hilo lilikuwa jaribio tu. Lakini huduma ya kutuma picha kwa bingwa aliyeko mji mwingine itakapozoeleka, swali la iwapo picha iliyofika ndiyo iliyopigwa litakuwa swali la kitabibu, sawa na swali la iwapo damu iliyo kwenye chupa ni ya mgonjwa huyu. Jibu la zamani bado lina nguvu: tiba isiendane na karatasi peke yake. Mgonjwa aangaliwe, aguswe, aulizwe.

Kisha kuna kompyuta za kwanta, ambazo kwa sasa hazijafikia uwezo wa kuvunja usimbaji fiche unaolinda benki na hospitali. Mhalifu mwenye subira hahitaji kungoja zifikie. Anaweza kuiba leo taarifa zilizofungwa, asizoweza kuzisoma, akaziweka ghalani hadi siku ufunguo utakapopatikana. Kwa namba ya kadi ya benki wizi huo hauna maana, kwani kadi itakuwa imebadilishwa. Kwa hali ya VVU ya mtoto aliyezaliwa mwaka huu una maana kubwa. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji uliobuniwa kustahimili kompyuta hizo. Hakuna muuguzi anayepaswa kuvifahamu. Wanaonunua mifumo ya hospitali wanapaswa, na swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: mfumo huu utabadilishwaje kufuli wakati ukifika, na kwa gharama ya nani?

Sheria zimeanza kuikimbilia hali hii. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuamuru matokeo ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilifuata mwaka 2015, kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii ya mwisho inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinatumikaje. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Tume iko mbali na benchi la kliniki, lakini malalamiko yanaweza kuifikia, na hospitali inayokusanya taarifa inawajibika kwake.

Kwa mgonjwa, mambo ya kushika si mengi. Malipo ya hospitali ya umma hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, wala hayapiti kwenye simu ya mtu binafsi. Anayepigiwa kwa dharura na akate, kisha apige mwenyewe namba anayoifahamu ya ndugu au ya kituo. Sauti isiwe ushahidi tena. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa namba 15040, na kwa kubonyeza *106# mtu anaweza kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, pengine na asizozijua.

Kwa vituo, jambo gumu si mitambo bali mazoea. Neno la siri limeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa kioo cha kompyuta. Akaunti ya tabibu aliyehamishwa miaka miwili iliyopita bado inafanya kazi, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaitumia kwa zamu. Flashi inatoka kwenye kompyuta ya wodi, inakwenda kuchapisha barua ya harusi mjini, kisha inarudi. Kila mfawidhi anajua kwamba mambo haya yapo. Watumishi ni wachache, foleni ni ndefu, na akaunti moja kwa watu kumi huokoa muda. Gharama yake huonekana siku taarifa zikivuja: akaunti inasema aliyefungua jalada ni mtu ambaye hayuko hata mkoani, na hakuna wa kumuuliza.

Mlipuko wa Marburg ulitoa kipimo cha aina yake. Ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba Vijijini na kumalizika tarehe 2 Juni. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa siku kwa siku. Orodha ya namna hiyo ndiyo silaha kuu ya kuzuia mlipuko, na ndiyo orodha hatari kuliko zote ikivuja, kwa kuwa aliyemo hajaugua lakini anaweza kufukuzwa sokoni. Watu walikubali kutaja majina ya waliowagusa, waliokula nao, waliolia nao msibani. Walimtajia mhudumu wa afya wa kijijini, mtu wanayemjua. Januari 2025 ugonjwa uliporudi Kagera, safari hii Biharamulo, kazi ile ile ya kuomba majina ilianza tena. Mkoa unaopakana na nchi tatu utaombwa majina mara nyingine, na safari hiyo pengine yataingizwa kwenye kishikwambi badala ya daftari. Kama watu wataamini kwamba majina hayo yanaishia mikononi mwa kila mtu, hawatayataja.

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya iliyoweka kumbukumbu za afya za wananchi wake katika mfumo mmoja tangu mwaka 2008, haikuwaahidi kwamba hakuna atakayechungulia. Iliwapa uwezo wa kuona nani amechungulia. Raia hufungua ukurasa wake na kukuta jina la kila mtumishi aliyelifungua jalada lake, na tarehe. Asiyeelewa sababu huuliza, na mtumishi hulazimika kujibu. Kinachohitajika ni kila mtumishi kuwa na akaunti yake, mfumo kuandika kila anayeingia, na mgonjwa kuruhusiwa kusoma maandishi hayo.

Tanzania haijafika hapo. Abiria wa basi la Muleba kwa sasa ana nauli yake na jina la muuguzi anayemwamini. Siku ambayo ataweza kutazama kwenye simu, akiwa bado kwenye kiti chake cha basi, kwamba tangu mwezi uliopita jalada lake limefunguliwa na muuguzi huyo peke yake, huenda akateremka na kurudi kliniki iliyo karibu na nyumbani kwake.